Maneno ya makundi katika Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, wazazi wanaosaidia kazi za nyumbani, watafsiri, na waandishi wa habari wanaotaka kuandika kwa usahihi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache, mengine nimeyakalia, kwa sababu hayalingani uzito.

Maneno ya makundi ni yapi hasa?

Ni nomino zinazobeba wengi kwa jina moja: kundi la mbuzi, umati wa watu, mkungu wa ndizi, doti ya kanga. Vitabu vya shule vya Kenya huyaita nomino za makundi au nomino za jamii. Tanzania jina la nomino za jamii ndilo lililozoeleka zaidi.

Jina la kisarufi lisikusumbue. Kinachosaidia ni kujua kwamba kila neno la aina hii limebeba habari ya jinsi vitu vilivyokutana. Vimeota pamoja? Vimefungwa kwa kamba? Vimepangwa na mtu, au vimerundikana vyenyewe? Vinatembea? Mtu anayejiuliza "vimekutanaje?" kabla ya kuchagua neno hukosea mara chache sana, hata kama hajawahi kukariri orodha yoyote.

Kwa nini ndizi peke yake ina maneno mengi hivyo?

Kwa sababu huuzwa na kubebwa kwa hatua. Mkungu ni ule mzigo mzima unaokatwa kwa panga kutoka kwenye mgomba, na ndio unaouona umefungwa nyuma ya baiskeli ukishuka barabara za Rungwe au Bukoba, minne mitano kwa safari moja. Mkungu ukifika sokoni hukatwa kufuata ile mistari yake ya ndizi. Kila mstari uliotengwa ni chane, na wengine husema chana. Kuna mahali utasikia tana au shazi, na maana ni ileile.

Mteja akiuliza bei bila kutaja neno, muuzaji humrudishia swali: "Mkungu au chane?" Hapo neno la kundi linafanya kazi ya kipimo. Ndiyo maana "kundi la ndizi" huchekesha watu sokoni, ingawa kisarufi halina kosa. Ndizi hazikukusanyika, zimeota zikiwa zimeshikana.

Fungu, kicha, tita na lundo: si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza.

Fungu limepangwa na mtu. Tazama meza ya nyanya: nne chini, moja juu, na bei ni ya hizo tano pamoja. Muuzaji amezichagua kwa mkono, ile nzuri zaidi ameiweka juu. Ukipunguza moja, si fungu tena, ni nyanya nne. Pwani neno hilohilo hutumika kwa mchanga uliojikusanya baharini, na ndiko lilikotoka jina la Fungu Yasini, mojawapo ya maeneo ya hifadhi ya bahari karibu na Dar es Salaam.

Kicha kimefungwa. Mchicha wenye mizizi yake, umekamatwa kwa kamba ya mgomba au uzi, hicho ni kicha, ingawa wengi Dar es Salaam watauita fungu na hawatakosolewa na mtu. Tita nalo limefungwa, ila ni kubwa, nalo hubebwa kichwani au mgongoni: tita la kuni, tita la makuti, tita la nyasi za kuezekea.

Lundo halikupangwa na mtu wala kufungwa na mtu. Nguo chafu kitandani ni lundo, vyuma chakavu ni lundo, takataka ni lundo. Wapo wanaosema rundo, nao wako sawa. Biwi ni takataka zilizofagiwa na kukusanywa tayari kwa kuchomwa. Kwa hiyo gazeti linapoandika "fungu la takataka limezagaa mtaani" limekosea mara mbili: fungu halizagai, na takataka za mtaani hazikupangwa.

Samaki je?

Inategemea wameuzwaje. Mtungo wa samaki ni samaki waliopitishwa kamba au ukindu kwenye mashavu, wakaning'inia pamoja, mtu akaenda nao mkononi hadi nyumbani. Lile neno linaonyesha kabisa kilichofanyika, maana samaki hao wametungwa, sawa na mtungo wa shanga.

Kwenye soko la Feri, Dar es Salaam, samaki wakubwa hupigwa mnada, wale wadogo hupangwa mezani kwa mafungu. Dagaa wakavu hawatungwi wala hawapangwi, wao hupimwa kwa kopo. Tanzania kopo hilo huitwa sado, jina lililotokana na makopo ya rangi yaliyotumika zamani kupimia. Kenya, mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, lenye ujazo wa kilo 2 hivi. Maneno haya mawili hayamo katika orodha za shule, na mimi nadhani yalistahili kuwemo kuliko mengi yaliyomo.

Doti, jora, korija, pishi: bado yanatumika?

Yanatumika, tena kila siku, ila kila moja limebaki na biashara yake.

Doti ni jozi ya kanga. Kanga huchapwa pande mbili zinazofanana, zina pindo na jina lilelile, na huuzwa zikiwa bado hazijakatwa. Mnunuzi hupeleka kwa fundi kukata na kupinda, kisha upande mmoja hujifunga kiunoni, mwingine hujitanda. Huwezi kusema "jozi ya kanga" dukani bila kuonekana mgeni. Jora ni kitambaa kizima kilichoviringishwa kama kilivyotoka kiwandani, ambacho mwenye duka hukipima na kukikata.

Korija ni 20. Lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, na leo utalisikia zaidi kwenye miti ya mikoko: boriti, mapau na fito huhesabiwa kwa korija huko Lamu na sehemu nyingine za pwani. Mtu akikuambia korija 3 za boriti, ni boriti 60, na hesabu hiyo haina mjadala.

Pishi ni kipimo cha nafaka: vibaba 2 hufanya kisaga, visaga 2 hufanya pishi. Mizani ya kilo imekiondoa madukani, lakini kila mwisho wa Ramadhani hurudi midomoni mwa watu, kwa sababu zaka ya fitri hutolewa pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba. Wengi siku hizi hupima kilo 2 na nusu, ila neno wanalotamka ni pishi.

Na lumbesa?

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba cha wavu au gunia jingine juu. Viazi, vitunguu na mkaa ndivyo hufungwa hivyo zaidi. Kwa maana ya lugha ni neno la kipimo. Kwa maana ya haki ni wizi anaofanyiwa mkulima, kwa kuwa hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaokaribia gunia moja na nusu. Wakala wa Vipimo wa Tanzania huupiga vita ufungashaji huu, na sheria inaukataza. Ukiandika habari za kilimo, tofautisha "gunia" na "lumbesa" kila mara, maana tofauti hiyo ni fedha ya mtu.

Kwa wanyama, "kundi" linatosha?

Mara nyingi linatosha. Kundi la ng'ombe, la kondoo, la tembo, la simba, la ndege: hakuna Mswahili atakayekukosoa. Watafsiri wanaohangaika kutafuta jina la pekee la kundi la simba au la twiga, kwa sababu Kiingereza kina jina kwa kila mnyama, wanajitesa bure. Kiswahili hakikuona haja.

Pale kilipoona haja, kilitoa neno. Nyuki waliohama mzinga wakaning'inia kwenye tawi ni bumba. Nyumbu wanaozunguka kati ya Serengeti na Maasai Mara ni msafara, kwa sababu wanakwenda mahali, na wanaofika mto Mara hufuatana. Neno hilohilo hutumika kwa magari ya rais, kwa ngamia, na katika ule msemo wa kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Nzige wana habari yao. Walipovamia Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa 2019, Kenya ikapata uvamizi mbaya kuliko wowote katika miaka 70, redio nyingi zilisema "makundi ya nzige". Ni sahihi. Lakini wapo waliosema "wingu la nzige", na kwa hali ilivyokuwa neno hilo lilieleza zaidi. Kundi lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige hadi milioni 80, na likipita juu ya shamba jua hufifia kweli. Mimi ningechagua wingu nikieleza walivyoonekana, na kundi nikieleza idadi au njia waliyopita.

Nichague vipi kati ya umati, halaiki, hadhira na kadamnasi?

Umati ni watu wengi waliofurika mahali, wamesimama walivyosimama. Uwanja wa mpira mechi ikiisha hutoa umati, na ajali barabarani hukusanya umati.

Hadhira ni watu waliokuja kusikiliza au kutazama. Mwimbaji ana hadhira hata kama ni watu 12 tu, na mwandishi ana hadhira asiyoiona.

Kadamnasi karibu haliendi peke yake. Husemwa mtu alitukanwa au alipongezwa "mbele ya kadamnasi", yaani hadharani watu wakishuhudia. Ukiandika "kadamnasi iliondoka saa 10" msomaji atashangaa.

Halaiki lina maisha mawili. Katika vitabu ni watu wengi sana, na ndimo lilimotoka "mauaji ya halaiki". Kwa Mtanzania wa kawaida, halaiki ni watoto: wale wanafunzi waliovaa sare za rangi, waliofanya mazoezi juani kwa wiki nyingi, kisha siku ya sherehe za kitaifa wakajaa uwanjani wakiunda maumbo na maandishi kwa miili yao. "Mwanangu yuko kwenye halaiki" ni sentensi ya fahari. Mwandishi anayewaandikia Watanzania akumbuke kwamba maana zote mbili zitamjia msomaji, ahakikishe sentensi yake inaonyesha ipi.

Genge ni kundi la wahalifu au ni duka la nyanya?

Yote mawili. Kwenye taarifa ya polisi, "genge limekamatwa" ni wezi. Dar es Salaam mama akisema "nenda gengeni ukalete nyanya na kitunguu", anamtuma mtoto kwenye kibanda cha mboga cha mtaani. Hakuna anayechanganya, kwa kuwa viambatanisho hutoa maana: genge la wezi, genge la mama fulani. Ila katika kichwa cha habari, "Genge lavunjwa" inaweza kusomeka kama habari ya manispaa kubomoa kibanda. Ongeza neno moja.

Kundi, kikundi na chama vinatofautianaje?

Kundi lipo tu. Kikundi kimeundwa. Kikundi cha ngoma kina kiongozi, siku za mazoezi, na mtu anayeshika fedha, na kikundi cha kina mama kina daftari la majina. Kwa hiyo ule udogo wa "ki-" haujatawala maana: kikundi kinaweza kuwa na wanachama 40, kundi likawa la vijana 5 waliokaa kijiweni.

Chama kina katiba au angalau kanuni. Tanzania, ukisema "chama" bila kuongeza neno, wengi watadhani unazungumzia siasa. Kenya, ukisema "leo nina chama", watu wataelewa ni ule mkutano wa wanaochangiana fedha kwa zamu au kuwekeza pamoja. Tofauti hii imewahi kuwachanganya wengi wanaovuka mpaka, hivyo mwandishi wa pande zote mbili aandike "chama cha siasa" na "chama cha kuweka akiba" kwa ukamilifu.

Tanzania kile cha zamu huitwa upatu au mchezo, na kile cha hisa na mikopo huitwa kikoba. Kikoba kina historia ya kupendeza. VICOBA ilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayohusu benki za jamii za vijijini. Watu walilisikia "vikoba", wakaona linafanana na viti na vikapu, wakalipa umoja wake: kikoba. Tayari lilikuwepo neno kikoba lenye maana ya mkoba mdogo, na likakaa vizuri kwenye fedha. Hakuna kamati iliyoketi kuamua.

Zanzibar kuna neno jingine la heshima, nadi, lenye maana ya klabu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, bado kinalibeba katika jina lake.

Kitenzi kifuate kundi au kifuate wanyama na watu walio ndani yake?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kanuni yake ni nyepesi: kitenzi hufuata neno la kundi. Kundi la ng'ombe limevuka mto. Umati wa watu umefurika. Mkungu wa ndizi umeiva. Jozi ya viatu imepotea. Kikosi cha askari kimewasili.

Kinachowachanganya watu ni kivumishi. Tazama: "Kundi la ng'ombe wanono limevuka mto." Wanono ni ng'ombe, lililovuka ni kundi. Na "Kundi kubwa la ng'ombe limevuka" linaeleza ukubwa wa kundi, wala si wa ng'ombe. Sentensi moja inaweza kubeba upatanisho wa aina mbili bila tatizo, mradi kila kivumishi kikae karibu na mwenyewe.

Inapofika kwamba watu walio ndani ya kundi wametenda tofauti, wape kitenzi chao. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, jopo liliamua, lakini majaji walitofautiana: 4 walikubali kufuta, 2 walipinga. Ukisema "jopo lilitofautiana" msomaji atauliza lilitofautiana na nani.

Mbona watangazaji wa mpira husema "Simba imefungwa" na pia "Simba wamefungwa"?

Kwa sababu mtangazaji anabadili anachokiona. "Imefungwa" ni klabu, ile taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936. "Wamefungwa" ni wachezaji walio uwanjani. Na mashabiki kijiweni husema "Simba kafungwa", hapo ni mnyama mwenyewe. Yanga, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, nayo husikika kwa namna zote tatu, ingawa haina mnyama katika jina lake.

Yote ni Kiswahili kizuri. Katika maandishi, chagua moja ndani ya aya na uishikilie. Kibaya ni "Simba imefungwa lakini walicheza vizuri na anastahili pongezi", sentensi ambayo imebadili mwenyewe mara mbili.

Kiingereza nacho kina mvutano huu: Waingereza hupenda kuipa timu kitenzi cha wingi, Wamarekani huipa cha umoja. Ukitafsiri habari ya michezo kutoka London, usiburuze ule wingi hadi kwenye Kiswahili. Serikali imesema, bunge limeahirishwa, familia imeomba, timu imeondoka.

Shada, koja na kikuba ni maua yaleyale?

Maua yanaweza kuwa yaleyale. Shada ni maua yaliyokusanywa pamoja, kama lile linalowekwa kaburini au kushikwa na bibi harusi. Koja limetungwa kwa uzi likavaliwa shingoni. Kikuba ni kidogo, ni cha wanawake wa pwani: asumini, majani ya mrehani na pengine mkadi, vimefungwa pamoja kwa uzi na kubanwa kifuani kwenye nguo, vinukie polepole mtu anapotembea. Anayeandika harusi ya Unguja au Mombasa akakiita kikuba "shada dogo", amepoteza nusu ya harusi.

Thurea ya nyota ni Kiswahili cha kweli au cha mtihani tu?

Ni cha kweli: thurea ni kundi la nyota, ila watu wengi hulikuta neno hilo shuleni. Kile kikundi maarufu cha nyota kinachoonekana kama kijishada angani wazee wa pwani walikiita kilimia, kwa kuwa kiliwaonyesha majira ya kulima. Walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwalimu anayefundisha thurea angefanya vizuri kufundisha na kilimia, kisha awaambie watoto watoke nje usiku waangalie.

Mwanangu ana orodha ya maneno 40 ya kukariri. Nimsaidieje?

Mpeleke sokoni na orodha yake. Nasema hivi nikijua kabisa mtihani uko karibu. Mtoto aliyeshika chane mkononi hasahau chane. Aliyeona fundi akikata doti haulizi tena doti ni nini. Kwa miaka mingi, hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wa Kenya walikariri maneno haya kama namba za simu, wakayaandika, wakayasahau. Nimeona watoto waliojaza "bumba la nyuki" bila kosa na hawajui bumba liko wapi kwenye mti. Hilo linaniuma, kwa sababu maneno yenyewe ni mepesi yakiwa mahali pake.

Kwenye simu niandike kundi, kikundi au grupu la WhatsApp?

Mdomoni ni grupu, na wingi wake ni magrupu. Katika maandishi rasmi, kundi la WhatsApp limeshakubalika kote. Kikundi kifae pale ambapo hao watu wana uhusiano wao nje ya simu: kikundi cha shule, kikundi cha kuzikana. Hapo simu ni chombo chao tu cha kuwasiliana.

Neno tunalotumia nyumbani halimo kitabuni. Niliache?

Usiliache. Kama kwenu ni tana, andika tana, na mara ya kwanza weka "tana, yaani chane". Maana hubadilika mahali hadi mahali, hata ya maneno makubwa. Mombasa, "taifa" lilikuwa jina la kundi la wenyeji wa mji: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, na wenzao ni Tisa Taifa, jumla 12. Wenye asili hiyo bado hujitaja hivyo leo, huku wakiwa na pasipoti ya taifa la Kenya mfukoni, na hawaoni mgongano wowote.